Nimeandikishwa Baiskeli

Wewe uliyeoa utanielewa. Mke wangu tunamwita Mama Kamati, maana hapa Kizwite, Sumbawanga, hakuna kamati asiyokaa: ya shule, ya jumuiya, ya vikoba, hata ya msiba wa mtu ambaye bado anakohoa. Alhamisi moja katoka kwenye kikao cha shule, hata kanga hajatua, akasema, "Baba Kiporo, nimekuandikisha."

Kiporo ni kitinda mimba wetu, yuko darasa la awali. Ugali wa moto hagusi. Uache ulale, alfajiri ataufuata mwenyewe jikoni.

"Umeniandikisha nini tena?"

"Baiskeli. Jumamosi. Kilomita 30, kuchangia uji wa watoto shuleni."

Nikasomewa hesabu nikiwa nimesimama. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati taifa zima ni 30. Yaani katika kila wawili, mmoja! Na sisi ndio tunaojaza malori ya mahindi. Mtoto anashiba ugali, lakini maharage yameuzwa, karanga zimeuzwa, mayai yanamsubiri mgeni. Alivyonitazama, ungedhani mayai ya mkoa mzima nimeyala mimi. (Nilikula mawili. Mgeni mwenyewe alikuwa kaka yake.)

Nikajaribu kuchomoka. Nikamwambia mambo hayo ni ya wenye mazoezi, kama wale wa Twende Butiama wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi kwa Mwalimu Nyerere.

"Wao wanavuka nchi. Wewe unakwenda na kurudi."

Nikanyamaza.

Sasa baiskeli. Ninayo Phoenix ya marehemu baba, ila ilikuwa kwa shemeji, huyo huyo wa mayai. Tunamwita Injinia tangu alipofungua redio yetu kuitengeneza. Hadi leo redio iko kwenye ndoo. Nikamkuta ameipindua Phoenix, magurudumu yanatazama mbingu. Akaifunga usiku kucha, ikabaki nati moja mkononi.

"Hiyo ni ya ziada, shemeji. Wachina huwa wanaweka nyingi."

Mama mkwe, ambaye kwa siri namwita RPC, akaahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita. Alivyocheka nikajua pesa yake haina wasiwasi.

Jumamosi ikafika. Unaijua Julai ya Ufipa: tuko juu, karibu mita 1,800, na ule upepo haukuulizi kama umekunywa chai. Koti langu la pekee Mama Kamati alikuwa amelifua asubuhi hiyo hiyo, basi nikaenda na sweta lake la waridi, lenye vifungo vya maua. Watoto wa mtaa wakanisindikiza kwa vigelegele.

Kilomita ya kwanza nilikuwa shujaa. Ya tatu mnyororo ukatoka, nikaurudisha. Ya nne, kijana mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye karia akanipita mlimani, tena akanipa pole. Ya sita, pedeli ya kulia ikaanguka barabarani. Hapo nikaelewa ile nati ilikuwa ya wapi.

Nilirudi kwa bodaboda, Phoenix nimeipakata kama mgonjwa. Injinia akapima akatoa jibu: imerogwa. Nikamkumbusha kuwa jina la Sumbawanga lenyewe maana yake tupa uchawi, kwa hiyo atafute sababu nyingine. RPC akafungua fundo la kanga, akahesabu 6,000.

"Na za kurudi, mama?"

"Kurudi ulibebwa, baba."

Kumbe Mama Kamati naye alishaweka ahadi kwa jina langu: 2,000 kwa kilomita, zote 30, nifike nisifike. Nikalipa 60,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya koti jipya.

Uji ulianza Jumatatu, wa mahindi, ulezi na karanga. Jioni mwalimu akatuma ujumbe: watoto wamekunywa vizuri, isipokuwa wetu. Ameomba wa kwake ubaki hadi kesho.