Chura wa Jiji Hutaga Juu

Hapo zamani za juzi, tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya. Usiku huo huo vyura wa matete ya mto Sosiani wakaitisha baraza. Ajenda ilikuwa moja: je, raia wa jiji aendelee kutaga majini kama mshamba?

Bahati ikawaletea mgeni, chura mti wa msitu wa Shimba kule Kwale, aliyejificha chini ya turubai la lori la nazi hadi akajikuta kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Alitetemeka kwa baridi, lakini aliyetoka mbali haitwi mgonjwa, huitwa mtaalamu.

"Kwetu Shimba," akasema, "mayai twayabandika kwenye jani lililoinamia kidimbwi. Yakianguliwa, viluwiluwi vyadondoka majini vyenyewe."

Makofi yakapigwa kabla hajamaliza. Mgeni akapangiwa posho ya nzi kwa kila kikao, wajumbe wakagawana matawi, na shemeji za mwenyekiti wakapata ya juu.

Bibi mmoja mkongwe, ambaye wote walimwita Kogo, akainua mkono. "Mheshimiwa, jani nimelielewa. Chini ya jani kuna nini?"

Kila mmoja alijua: mafuta ya magari yanayooshwa mtoni, mifuko, maji ya mitaro. Ndiyo maana hakuna aliyetazama. "Kogo, leo tunazungumzia ya juu," mwenyekiti akamjibu, na karani akaandika kwamba swali lilikuwa nje ya ajenda.

Mayai yakatagwa juu. Picha zikapigwa, wageni wakatembezwa. Kisha viluwiluwi vikaanguliwa na kudondoka kama ilivyoahidiwa. Vilitua kwenye utandu wa mafuta, na hakuna kilichoogelea.

Mtaalamu akatafutwa. Alikuwa ameshapanda lori linaloteremka pwani, na posho ya kikao cha tathmini ameshaimeza.

Baraza likakutana tena. Baada ya mjadala mrefu likaazimia kwamba kosa lilikuwa kwenye urefu: msimu ujao watataga kwenye tawi la juu zaidi.

Kutaga juu kunafaa Shimba kwa sababu dimbwi la chini ni safi. Mgeni hakutaja usafi wake kwa kuwa kwao hakuna anayelichafua. Nanyi mnaokabidhiwa hati, vyeo na matawi, ulizeni swali la Kogo kabla ya kupiga makofi, kisha shukeni mkatoe uchafu mtoni.