Prodyuza, Mbona Sauti Yangu Inachelewa?

Zamani mtu akitaka kurekodi wimbo alikwenda studio, akaketi kwenye benchi nje na kusubiri prodyuza aamke. Siku hizi prodyuza ni mimi, studio ni chumba ninacholala, na benchi ni kitanda. Nina maiki, saundikadi ndogo yenye matundu mawili, hedifoni na laptopu inayopumua kwa nguvu. Wageni hudhani kazi yenyewe ni kuimba. Kuimba ndiko kunakochukua muda mfupi kuliko vyote. Sehemu kubwa ya jioni huishia katika kuihoji kompyuta kwa nini jana ilisikia na leo haisikii.

Washauri hawakosekani. Mmoja atasema, "Restati." Mwingine, "Hivyo ni virusi, piga Windows upya." Yupo na yule asiyesema kitu, anakuja kusimama nyuma yako, anatikisa kichwa polepole kama daktari, kisha anaomba chaja. Hakuna hata mmoja anayeuliza bafa imewekwa ngapi. Basi ngoja niieleze bafa, maana ndiyo iliyotaka kunigombanisha na binamu yangu.

Kompyuta haiishughulikii sauti pale pale inapoingia. Huikusanya kwanza kwenye ndoo ndogo, ambayo ndiyo bafa. Ndoo ikijaa ndipo huibeba. Ukubwa wa ndoo huhesabiwa kwa sampuli: 64, 128, 256, hadi 1024 na kuendelea. Kwa kiwango cha CD, sekunde moja ya sauti ina sampuli 44,100, kwa hiyo ndoo ya 1024 huchukua milisekunde 23 hivi kujaa. Sauti huingia kwa ndoo moja na kutoka kwa nyingine. Mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni milisekunde 46 na ushee baada ya kufumbua mdomo.

Mwimbaji wa nyimbo za taratibu anaweza kuvumilia, akadhani ni mwangwi tu. Binamu yangu anaimba singeli. Singeli hukimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Biti aliyokuja nayo ilikuwa ya 240, ambapo pigo moja ni milisekunde 250 na robo ya pigo ni kama 62. Ndani ya hiyo robo yeye anapachika silabi nzima, na wakati mwingine salamu kwa watu wa Manzese. Ukimchelewesha milisekunde 46 hapo, umemwibia karibu silabi yote.

"Kaka," akasema, akivua hedifoni, "kuna mtu ananiigiza humu ndani."

"Ni wewe mwenyewe."

"Mimi siimbi vibaya hivyo."

Nikashusha bafa hadi 64. Kuchelewa kukaisha, ikaanza mikwaruzo: ta, ta-ta, ta. Ndoo ndogo hujaa haraka, na prosesa iliyobebeshwa plagini za mwangwi kwenye kila traki haiwahi kuipokea kabla nyingine haijafika, ndipo sauti inapokatika vipande. Binamu akasikiliza kwa makini, akatikisa bega kidogo. "Hiyo kachumbari umeiweka wewe? Iache, inanoga." Ikabidi nimweleze kwamba alichokipenda ni kilio cha laptopu.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapotafuta ubovu usiokuwepo. Bafa haijaharibika. Ni biashara ya kupima: ukitaka sauti irudi upesi, prosesa ifanye kazi kwa haraka, ukitaka prosesa ipumue, sauti ichelewe. Hakuna namba inayofaa saa zote. Wakati wa kurekodi unaweka 64 au 128 na kuzima plagini nzito. Wakati wa kumiksi, ambapo hakuna anayeimba, unapandisha hadi 1024. Kwenye Windows unatumia pia draiva ya ASIO, ambayo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliileta mwaka 1997 ili programu iongee na saundikadi moja kwa moja bila kupitia foleni ya sauti nyingine za mfumo. Na saundikadi nyingi zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake kabla haijafika kwenye kompyuta kabisa. Kitufe hicho kiko mbele, kimeandikwa, na kwa kawaida kimefunikwa na kikombe cha chai.

Tukarekodi vizuri. Safari iliyofuata binamu akaja na hedifoni zake za Bluetooth, kwa sababu zangu za waya zinamharibia nywele. Bluetooth peke yake huweza kuchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa ya kumsaidia mtu huyo. Nilimpa achague kati ya nywele na wimbo. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kwaya ni kesi nyingine. Tulikuwa tumerekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Katikati ya wiki mdogo wangu akaitumia saundikadi kwa kazi zake za video, na video kwa desturi hutumia 48,000, akaiacha hapo. Mwalimu wa kwaya alipokuja kusikiliza, kifaa kikawa kinazisoma sampuli kwa mwendo wa 48,000. Wimbo ukakimbia kwa karibu asilimia 9, ukapanda kwa nusutoni moja na nusu hivi. Wa dakika tatu ukaisha kwa dakika mbili na sekunde 45. Besi walisikika kama vijana waliobalehe juzi.

Mwalimu akasimama. Machozi yakamlenga.

"Bwana asifiwe! Leo sauti ya kwanza wamefika!"

"Mwalimu, hapo kuna tatizo kidogo la..."

"Na wameacha kuburuta! Nimewaambia tangu mwaka jana wasiburute."

Hakutaka kusikia habari za sampuli. Akaondoka na wimbo kwenye flashi, akaupigia kanisani, na huko ukatoka ulivyorekodiwa, kwa sababu faili lenyewe halikuwa na kosa hata kidogo. Aliyekosea ni kifaa kilicholisoma kwangu. Jioni akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kijana wangu, kwa nini umewashusha?" Mpaka leo anaamini nina kitufe cha kupandisha kwaya na ninakibania.

Mradi wa kwenye flashi nao una vituko vyake. Mtu anakuja na faili dogo lisilofika megabaiti moja, anasema kwa kujiamini, "Kazi yote imo humu." Humo hamna sauti hata moja. Faili la mradi hubeba anwani tu: ngoma iko folda ile, gita folda hii, vokali kwenye desktopu ya shemeji. Ukilifungua kwenye laptopu nyingine, programu inaanza kuuliza kimoja kimoja kilipo, na shemeji yuko Mbeya. Karibu kila programu ina amri ya kukusanya sauti zote pamoja na mradi kabla ya kuhama. Itumieni.

Kuhusu trei za mayai ukutani, naomba tuheshimiane. Hazizuii jogoo wa jirani wala bodaboda. Kinachosaidia, tena kwa kupunguza mrindimo wa ndani ya chumba tu, ni vitu vizito na laini: magodoro, mablanketi, kabati lililojaa nguo. Mmarekani Wallace Sabine alilithibitisha hilo pale Harvard mwishoni mwa karne ya 19, akibeba mito ya viti usiku kucha kuingiza ukumbini na kupima jinsi mwangwi unavyofifia. Yeye angalau alikuwa na chuo nyuma yake. Mimi nikisimamisha godoro ukutani, mama mwenye nyumba anachungulia mlangoni na kuuliza, "Mwanangu, unahama? Mbona hujaniambia?" Na swali hilo limo kwenye rekodi, safi kabisa, kwa sababu maiki ya kondensa husikia kila kitu isipokuwa kile unachotaka isikie.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga kuja kurekodi nyumbani kwa mtu, njoo na hedifoni za waya. Biti yako iwe kwenye folda moja na sauti zake zote. Usimguse prodyuza begani wakati anaangalia bafa. Na simu yako izime kabisa, usiiweke kwenye mtetemo: ukiiacha mezani karibu na stendi, mtetemo hupanda hadi kwenye maiki na kuingia katikati ya ubeti wako bora, na kuusafisha ni kazi ya jioni nyingine, ambayo nitakulipisha.