Hongera ya Sabufa

Hongera, jirani, kwa sabufa mpya. Boksi linatangaza wati 10,000 za PMPO. Kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kinanong'ona 60. Usijali. PMPO haijawahi kuapishwa mbele ya mita ya LUKU.

Spika zote tano tumeziona juu ya kabati la tivii, zimebanana kama abiria wa daladala, ilhali mbili zilitengenezwa zikae nyuma ya kochi. Waya mfupi? Kariakoo unauzwa kwa mita. Lakini naelewa, bajeti iliishia kwenye taa za rangi zinazocheza na besi, na taa hizo, kwa kweli, zinasikika vizuri.

Spika ya katikati, ndiyo yenye maneno ya filamu, umeificha nyuma ya maua ya plastiki. Husikii maongezi, unaongeza sauti, mabomu yanatua kwetu. Sabufa nayo umeisukuma kwenye kona, na kona huongeza besi bila malipo.

Sasa eti unataka ya pili! Anza na zulia, baba. Vigae vitupu vinarudisha mwangwi. Sisi hatuna haraka, sinema za mwezi huu tumeshazimaliza kupitia ukutani.