Mwalimu, Pikipiki Umeuza?

Naendesha baiskeli mjini Bungoma kwa hiari yangu, na hilo ndilo hakuna anayeliamini. Nikikatiza sokoni Chepkube, mama wa omena ananitazama kama nimefiwa: "Pole, Mwalimu. Pikipiki umeuza?" Pikipiki yenyewe sijawahi kumiliki. Daktari alinisifu kwamba presha imeshuka, halafu akapunguza sauti na kuuliza kama mishahara ya walimu imechelewa tena.

Dharau hii ingetoka kwingine ningeielewa. Lakini bodaboda ilizaliwa huku kwetu magharibi, hapo Busia, miaka ya 1960, nayo haikuwa na injini. Vijana walivusha watu na mizigo mpakani kwa nguvu za miguu. Ile Black Mamba nyeusi, karia yake imefungiwa mto wa sponji, imebeba mitungi ya maziwa, wajawazito, na gunia la mahindi la kilo 90 huku mwenyewe akisukuma kando. Kisha karibu mwaka wa 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na waliokuwa wakinyonga pedali ndio leo wananipigia honi nitoke njiani.

Nitoke niende wapi? Barabara ya Webuye kwenda Malaba ni ya matrela ya Uganda. Nyuma yao linakuja trekta la miwa linaloyumba, likidondosha mabua. Ukingo wa lami umeliwa, ukiteremka umeruka ngazi. Na pale tulipojengewa njia ya kando, mwenye mitumba ametandaza viatu mwanzo hadi mwisho. Ukimpigia kengele, anakuuliza unavaa saizi gani.

Ukweni kwangu ni Kitale. Wanaohubiri afya wangetaja pia kwamba Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu 1,900. Kushuka kupitia Kiminini na Kamukuywa, hata mvivu anaonekana mwanariadha. Kupanda ni habari nyingine. Nilifika kwa baba mkwe shati limenigandia mgongoni, mke wangu akiwa ametangulia kwa matatu. Mzee alinitazama, akaitazama baiskeli, akamwita binti yake pembeni. Sikusikia walichoongea, ila jioni mke wangu alikabidhiwa nauli. Ya watu wawili.

Halafu kuna Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2018. Nilialikwa kwenye sherehe moja ya siku hiyo. Askari wa getini akanizuia: ndani ni magari ya wageni tu, baiskeli nikaiegemeze kwa muuza mahindi choma ng'ambo. Wageni walishuka kwenye magari makubwa, kila mmoja peke yake, wakatuhutubia kuhusu hewa safi na mafuta yanavyopanda bei. Maji ya chupa yalikuwa baridi, hilo sikatai.

Ulipofika wakati wa picha, ikagunduliwa hakuna baiskeli. Yule yule askari akaja mbio: "Mwalimu, ile yako bado iko?" Mgeni wa heshima akapandishwa, tai begani, miguu haifiki chini.

Picha ilitoka vizuri, na imesambaa. Ukiitazama kwa makini utaona vidole nyuma ya karia. Ni vyangu, nimemshikilia asianguke.