Njia Iliyobaki

Kijana mmoja wa jirani yetu, aliyekwenda kusoma Uingereza na kurejea na shahada, koti zito lisilofaa kwa jua la Kathiani hapa Ukambani, na mazoea ya kuendesha baiskeli bila ya kuwa na mahali pa kwenda, alitusimulia kwamba huko alikokuwa watu wamezitwaa reli kuukuu zilizoachwa na serikali yao, wakaondoa vyuma na mataruma, wakatandaza changarawe, na kuzifanya njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli; na ya kwamba njia moja, itokayo Bristol hadi Bath, yenye urefu wa takriban kilomita 21, ilianza kutengenezwa mwaka 1979 na watu wa kujitolea, wenye kazi zao na nyumba zao. Wazee walimsikiliza kwa staha, maana aliyesoma husikilizwa hata maneno yake yanapokuwa marefu, kisha mmoja wao akauliza swali moja tu: ni reli gani hiyo ambayo kijana anataka tuing'oe?

Swali lilikuwa zito. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipofika pande hizi iliviona vilima vya Iveti kwa mbali, ikavikwepa, ikapita zake mbugani kwa Sultan Hamud, Ulu na Konza, hata ikawasili Nairobi mwaka 1899. Naye Bwana John Ainsworth, aliyekuwa ameketi Machakos akitawala jimbo zima la Ukamba, mwaka huohuo akafunga makabrasha yake akaifuata, akatuachia mji wenye sifa ya kuwa zamani ulikuwa mkuu. Hata ile reli mpya, iliyozinduliwa Mei 2017 kwa shangwe na hotuba, ilipita huko huko mbugani, kana kwamba reli hizo mbili zilikwisha kupatana juu yetu. Anayetaka reli ya kuomboleza na aende Unguja, ambako gari moshi la Bububu lilianza kukimbia maili zake saba mwaka 1905 na likazimika kabla hawajazaliwa wengi wa waliopo leo, au aende Nachingwea, ambako reli ya mradi wa karanga ilijengwa kwa haraka baada ya Vita Vikuu vya Pili na kung'olewa kwa haraka vilevile. Sisi wa Kathiani hatukupewa hata reli ya kufa.

"Mwanangu," akasema mwenyekiti, baada ya kunusa ugoro wake na kuufunga, "reli hatuna, ila njia mfu tunayo. Kama hao rafiki zako hufufua, basi na tuanze na hiyo."

Nayo ni njia ya miguu itelemkayo kutoka vitongoji vya juu, ubavuni mwa vilima, ikipita baina ya mibuni na miparachichi hadi sokoni. Njia ipitwayo na watoto wa shule alfajiri, punda wa maji mchana na walevi usiku, na ambayo kila vuli hugeuka kuwa mto kwa wiki chache na kuwa handaki kwa miezi iliyosalia. Pale palipo pabaya zaidi, mtu mrefu akisimama ndani yake huonekana kofia tu.

Kazi ya namna hii si ngeni kwa watu wa Ukambani. Mwethya, majirani kukusanyika leo kwa huyu na kesho kwa yule, ulikuwako kabla ya gavana wa kwanza, na magavana wenyewe walijifunza kwa taabu kwamba mtu wa hapa haendeshwi. Walipotaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu mwaka 1938, wakidai kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiumaliza udongo wa Machakos, watu walimfuata Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani katika vilima hivihivi, wakaenda Nairobi kumtafuta Gavana, wakaketi huko wiki kadhaa. Mbingu akahamishiwa Lamu, lakini mpango wa ng'ombe ukaachwa. Walipoamrisha matuta kwa lazima, watu waliyalima kwa uvivu uliopangwa vyema. Ilhali miaka ya 1950, mwethya uliporuhusiwa kuchagua viongozi wake wenyewe, kina mama, maadam waume wengi walikuwa mijini wakitafuta mshahara, walivikata vilima hivi matuta juu ya matuta, hata mabingwa wa udongo wakaja kutoka ng'ambo kuvitazama.

Asili hiyo tukufu haikutuzuia kuipoteza asubuhi nzima ya kwanza katika kugombania daftari. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameleta daftari la mahudhurio lililopigwa mistari kwa wino mwekundu, na sheria ni kwamba kila nyumba ilete mtu mmoja na chombo kimoja, na isiyoleta itozwe faini. Kijana wa Uingereza akainuka akatoa hoja kwamba mtu akitozwa faini hawezi tena kuitwa wa kujitolea. Mwaitu mmoja, yaani mama kwa Kikamba, ambaye mikono yake imelima matuta kabla babake kijana huyo hajazaliwa, akamjibu bila ya kuacha kumenya ndizi: "Mwanangu, hapa twajitolea sote, na asiyejitolea analipa." Hoja ikafa hapo. Nyumba moja ilimtuma mjukuu na jembe lisilo na mpini, pamoja na salamu kwamba mpini utafika Jumamosi ijayo. Katibu, mtu wa insafu, akawaandikia nusu.

Siku ya kupima mteremko sitaisimulia kwa urefu. Fundi alifunga uzi baina ya vijiti viwili, akatundika pimamaji katikati, akaturudisha nyuma sote kwa taadhima ili kivuli chetu kisiisumbue elimu, na alipoinama kulitazama povu, mbuzi wa jirani akaanza kuutafuna uzi kutoka upande wa pili. Tangu siku ile mteremko hupimwa kwa macho.

Ikhtilafu kubwa, ambayo naamini itasimuliwa hata tutakapokuwa tumekwisha kusahauliwa sisi wenyewe, ilihusu udongo. Tulikuwa tunachimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa njia, na swali likazuka: udongo utokao mferejini utupwe juu au utupwe chini? Kina mama, ambao maisha yao yote wamelima kwa mtindo wa fanya juu, yaani kuurusha udongo upande wa mlimani ili ufanye tuta, hawakuona kwamba hilo lilikuwa swali. Lakini mzee mmoja, aliyepata kufanya kazi ya barabara katika ujana wake na ambaye bado huvaa fulana ya kazi hiyo siku za Jumapili, alishikilia kwamba shamba ni shamba na njia ni njia. Ya kwamba udongo ukitupwa juu mvua itaurudisha mferejini, na ukitupwa chini utafanya ukingo wa kuilinda njia.

"Mzee," akasema mwaitu yule wa ndizi, "udongo nimeurusha juu miaka yote, na haujanirudia."

"Haujakurudia, mwaitu, kwa kuwa haukuwa na njia ya kurudia."

Majembe yakawekwa chini. Sururu zikaegemezwa mitini. Watu wakajigawa pande mbili, na wale wasiokuwa na rai wakalazimishwa kuwa nayo, kwa maana katibu alikuwa ameanza kuandika majina. Waliopita wakienda sokoni walisimama kutoa ushahidi, mmoja akimtaja shangazi yake wa Mitaboni aliyepoteza kibanda kwa sababu ya mfereji, bila ya kukumbuka udongo wake ulitupwa upande gani. Pure ya mahindi na maharagwe iliyokuwa jikoni kwa ajili ya wafanyakazi iliiva, ikaliwa na wafanyakazi ambao hawakuwa wamefanya, na ndipo mwenyekiti alipohukumu kwamba nusu ya juu ichimbwe kwa fanya juu na nusu ya chini kwa fanya chini, na mvua iwe kadhi.

Kabla ya mvua lilitokea la wilbaro. Tuliiazima kwa fundi mwashi mmoja, gurudumu lake likiwa limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na mwalimu wa hesabu akajitolea kuitelemsha ikiwa imejaa mawe, akitueleza kwa ufasaha namna uzito unavyogawanyika. Penye kona ya mparachichi uzito uligawanyika. Mwalimu akabaki na mkono mmoja wa mbao, na wilbaro ikaondoka na mwingine, na kwa sababu ya kazi yetu wenyewe njia ilikuwa sasa laini kiasi kwamba hapakuwa na shimo wala jiwe la kuizuia: ikampita mwinjilisti aliyekuwa anapanda na baiskeli begani, ikampita punda wa mitungi minne ambaye, peke yake katika siku ile, aliondoka njiani kwa utulivu, ikaruka daraja la magogo, na ikaingia katika uwanja wa mashine ya kusaga, ambako ilisimama nyuma ya mwanamke wa mwisho kwenye foleni. Yule mwanamke, pasipo kugeuka, akaiambia isogee mbele kidogo. Mzee wa barabara, alipoletewa habari, alivua kofia akasema kwamba sasa, baada ya miaka yote hiyo, gari moshi limefika Kathiani.

Vuli ikaanza usiku, kwa radi. Asubuhi tulikwenda kusikiliza hukumu. Nusu ya juu ilikuwa imejaa udongo wake wenyewe hadi mdomoni, na maji yamepita juu yake na kuichana njia vilevile kama zamani. Nusu ya chini ilisimama imara, ukingo wake haukuvunjika popote, na mfereji ulikuwa umeyapokea maji yote na kuyapeleka kwa adabu mpaka mwisho wake. Mwisho wake, jambo ambalo hakuna upande uliolijadili, ulikuwa ni boma la mzee wa barabara. Tulimkuta amesimama katika maji yafikayo kifundoni, kuku watatu wako mabegani na juu ya dirisha, naye ana uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mmeona?" akatuuliza.

Mwaitu wa ndizi alimtazama kwa muda, kisha akakunja leso yake, akaingia majini, akaanza kuokoa magunia ya mahindi, na sote tukamfuata. Mtu mmoja mwenye cheo, ambaye alikuja wiki ile kupigwa picha nasi, aliahidi karavati. Picha ilitoka vizuri.

Nimesikia watu wa mjini wakisema kwamba vikundi vya kujitolea huharibiwa na maneno, na ya kwamba kungalikuwa na msimamizi mmoja mwenye mshahara, njia yetu ingalikwisha zamani. Mimi siwasadiki. Mwenye mshahara huja kwa mshahara. Mzee wa barabara huja kila Jumamosi kabla ya jogoo, kwa sababu alishinda na anataka watu wasisahau, na mwaitu huja kabla yake, kwa sababu yeye hajakubali. Wote wengine huja ili wasikose kusikia, na ukishafika ukasimama na jembe mkononi, ni aibu kutolitumia. Nusu ya juu imekwisha kuchimbwa upya, fanya chini, na mwisho wa mfereji umepindishwa mpaka kwenye migomba ya mwenyekiti, ambaye alikuwa safarini siku ya kukata shauri.

Basi, msomaji, ukijaliwa kupita Kathiani Jumamosi yoyote na ukawakuta watu wamesimama njiani wakibishana, usiwapite ukidhani kuna ugomvi. Weka mzigo wako chini, chukua sepetu, na uwe na rai yako kuhusu udongo. Faini ya wageni hatujaipitisha bado, lakini katibu ana kalamu, na wilbaro inahitaji mkono.