Mbuzi Hapatikani Jikoni

Niamshe saa nane usiku uniulize osmosis ni nini, nitakujibu kwa Kiingereza bila kupepesa jicho, na ile semi-permeable membrane yake, na ukiwa na muda nitakuchorea na kiazi. Lakini nikikaa meza moja na mgeni asiyejua Kiswahili, chumvi ikawa upande wake, siku hiyo mchicha nitaula chapwa. Kuomba chumvi hakukuwa kwenye silabasi.

Walimu wangu siwalaumu. Mwalimu wa biolojia aliingia, akajaza ubao kutoka kona hadi kona, nasi tukanakili mpaka vituo. Alipoona tumetoa macho, alichungulia dirishani kama mkuu wa shule hapiti, kisha akatueleza upya kwa Kiswahili, sauti chini, kama mtu anayeuza magendo. Hapo tulielewa. Majani yale yale yaliyojitengenezea chakula kwa Kiswahili tulipokuwa shule ya msingi yalikuwa yameanza ghafla kujitengenezea kwa Kiingereza, na sisi ndio tuliotakiwa kuwajibika.

Na ilikuwa isiwe hivyo. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kusomeshwa kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali ikasita, ikabaki na Kiingereza, na mwaka 1987 Waingereza wakatuletea mradi wa kukiinua, pamoja na shehena ya vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Nilivisoma na nilivipenda. Ila watu wa humo walikuwa wakikimbizana na majambazi mwanzo mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyetulia mezani akaomba chumvi. Sera ya elimu ya 2014 nayo ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote. Watoto wa kidato cha kwanza bado wananakili.

Ndiyo maana binti yangu nikampeleka hizi shule za English medium. Basi la njano linampitia alfajiri hata jogoo hajaamua kuwika. Nilijiambia huyu atajua Kiingereza cha maisha: cha sokoni, cha jikoni, cha kuomba chumvi.

Jikoni kweli tukafika. Darasa la pili walipewa kazi ya nyumbani: chora vitu vitano vinavyopatikana jikoni, uandike majina yake. Kitabuni kulikuwa na mfano: oven, toaster, microwave. Binti akachukua daftari akaenda jikoni kwetu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akachora alichokiona. Sufuria. Mwiko. Jiko la mkaa. Kinu na mchi wake. Na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo aliichora vizuri kuliko vyote, na ule ulimi wa chuma wenye meno, na miguu yake iliyopishana. Chini yake akaandika, kwa hati safi kabisa: Goat.

Daftari lilirudi na mkasi wa wino mwekundu juu ya mbuzi, na maelezo ya mwalimu: "Goat is not found in the kitchen." Kisarufi sentensi haina doa.

"Daddy," mtoto akaniuliza, "kwani Bibi akija huwa anakunia nazi wapi?"

Ikabidi niende. Getini kuna kibao kikubwa: English Speaking Zone. Mlinzi, ambaye tunasali msikiti mmoja, alinisalimia "Good morning, sir." Nilipomuuliza habari za nyumbani aligeuka nyuma kwanza, akahakikisha hakuna mtu, ndipo akasema nzuri. Madam alinipokea kwa heshima zote. Tukasimama pale barazani, watu wawili tuliokuzwa kwa tui, tunajadili mbuzi kwa lugha ya watu ambao nazi kwao huja na meli. Nikakohoa. Nikatafuta msamiati. Osmosis ikajileta mbele, nikairudisha.

"It is not a goat," nikasema.

"Exactly," akasema madam.

Kikao kikafungwa.

Mimi Kiingereza sina ugomvi nacho, na wenyewe sina ugomvi nao. Mtaani kwetu hawapo hata wa dawa. Kinachonikera ni kwamba tunatahiniana sisi kwa sisi. Jirani yangu mmoja alisoma kozi ya jioni, sasa anasahihisha mpaka rambirambi kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mtu amefiwa, mwingine kamwandikia "rest in piece", na yeye badala ya kuuliza mazishi ni saa ngapi, anaeleza tofauti ya piece na peace. Lakini fundi wangu wa gari siku nzima yuko chini ya gari na shokapu, giaboksi, eksozi, stelingi na boneti, maneno ya Kiingereza yaliyokwishachukua uraia zamani, na hakuna anayemwambia amebobea. Anaambiwa apunguze bei.

Halafu njoo kwenye mkutano wa wazazi. Mwenyekiti alifungua kwa Kiingereza, taarifa ya mwaka ikasomwa kwa Kiingereza, ikaja ajenda ya usafi wa sare, na sisi ukumbi mzima kimya, tunatikisa vichwa kwa pamoja. Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu alitikisa hata mwenyekiti aliponyamaza kunywa maji. Kisha tukafika kwenye fee adjustment. Mama mmoja nyuma kabisa akasimama, akajifunga kanga vizuri: "Samahani mwenyekiti, hapo kwenye ada naomba tuelewane."

Kuanzia hapo Kiingereza hakikusikika tena, si kwa wazazi, si kwa mwenyekiti, si kwa mkurugenzi mwenyewe. Ghafla kila mtu ana hoja, kila mtu ana takwimu, yule mzee wa kutikisa kichwa akawa mchumi. Ada ilipanda vilevile, lakini ilipanda tukiwa tumeelewa.

Wiki hii kazi ya nyumbani ni vitu vinavyopatikana bafuni. Sisi tuna ndoo, kopo na dodoki. Binti ameshakuwa mjanja, hakwenda hata kuchungulia. Alikaa sebuleni akachora bathtub, kitu ambacho hajawahi kukitia machoni, akaijaza maji mpaka ukingoni na povu juu. Kapata tano kwa tano na nyota.

Sasa mama yake ameipenda ile picha, ananiuliza na sisi lini tutaweka ya kwetu. Nimemwambia kwanza maji yatoke.