Usiku Nilipowafungisha Taifa Stars

Nyumba tuliyopanga Nyakato ina vyumba vinane, mita moja ya luku na televisheni moja ya chogo, mali ya mama mwenye nyumba. Imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na juu ya kitambaa kimekaa king'amuzi. Mwisho wa Februari 2013 analojia ilipozimwa Mwanza, chogo lilibaki chenga tupu, na kwa majuma kadhaa mama akaligeuza kichanja cha kuanikia soksi.

Rimoti hulala kwenye pindo la khanga yake. Ukiomba ubadilishiwe chaneli wakati wa tamthilia, Waturuki wakisutana kwa Kiswahili fasaha huku midomo ikienda kivyake, anakukumbusha kwamba Bara tulikaa bila televisheni hadi 1994, ilhali Wazanzibari walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. "Na watu walioa, wakazaa, wakazeeka. Tulia."

Mimi ni fundi wa ungo. Sikusomea, nilipewa kwa sababu ya urefu. Ungo umefungwa juu ya jiwe nyuma ya choo, na upepo wa ziwani ukiusogeza, napanda. Ndani wanapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aah, umepitiliza!"

Sasa, Juni 27, 2019. Taifa Stars wako AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, wanacheza na Kenya saa 5 usiku. Sebule imejaa hadi watu wamekalia ndoo. Jioni nilikabidhiwa mchango wa luku, nikasema nitanunua wakati wa mapumziko. Msuva akafunga dakika ya 6. Olunga akasawazisha, na kabla hatujamaliza kulaumiana, Samatta akafunga la pili. Mapumziko yalipofika nilikuwa nimesimama juu ya stuli nikieleza mfumo wa kocha. Luku? Nani aliikumbuka luku?

Kipindi cha pili giza likaingia.

Nilinunua kwa simu, namba 20 zikaja upesi. Shida ilikuwa kioo cha simu yangu: ufa wake ulipita katikati ya namba, 8 ikawa 3. Mita ikakataa. Mwalimu wa chumba cha tano akaninyang'anya simu, akaanza kusoma kama anatoa imla, kwa vituo, huku dereva wa bajaji akibonyeza na mtoto akimulika tochi kila mahali isipokuwa kwenye mita. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda umiza, ukasikika mguno mrefu wa wanaume wengi. Baadaye kidogo, mguno mwingine.

"Ni kosakosa hizo," nikawafariji.

Umeme uliporudi, ilikuwa Kenya 3, Tanzania 2.

Mama mwenye nyumba alinitazama kwa utulivu mkubwa. "Baba, taa zilipozimika tulikuwa tunaongoza." Akachomoa rimoti, akazima. "Wabeja sana."

Mechi iliyofuata, na Algeria, luku ilikuwa na uniti za kutosha na ungo ulitulia kama nanga. Tulifungwa 3-0 huku tukiona kila kitu. Hiyo nayo wananidai mimi.

Pesa ya luku siku hizi anashika mwalimu.